Klon Centaur na nakala zake: uchukue ipi, na je, unaihitaji kweli?

"Kaka, nichukue Klon ipi?"

Naulizwa hivi kila mara kuhusu Klon, pedali ya gitaa inayokanyagwa kwa mguu, na nakala zake, na kwa kawaida anayeuliza ni kijana wa bendi ya sifa kanisani. Amekesha anaangalia video za pedali, ana dola mia mfukoni au anategemea kuzipata, na anataka nimtajie jina moja tu aende akaagize. Mimi namrudishia swali: "Unapigia amplifaya gani?" Wengi huduwaa, wakidhani nakwepa. Sikwepi. Ukishanijibu hilo, nusu ya pedali zilizo kwenye orodha yako zinaanguka zenyewe, na pengine zote.

Tuanze na mama yao.

Yenyewe hasa

Klon Centaur ni pedali ya ovadraivu, yaani ile ya kukanyaga ili gitaa lipate nguvu na mkwaruzo. Ilizaliwa eneo la Boston, Marekani. Aliyeiunda, Bill Finnegan, alikuwa akipiga gitaa la Telecaster kwenye Fender Twin Reverb, amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za kukuzia sauti) yenye sauti kubwa kiasi kwamba kwenye ukumbi mdogo huwezi kuifungulia hadi ifike pale inapoanza kuchacha, yaani kukwaruza, vizuri. Alijaribu pedali zilizokuwepo, ikiwemo Tube Screamer ya Ibanez, na zote zikambania sauti. Alichotaka ni gitaa lake lilelile, ila kubwa zaidi. Akishirikiana na wahandisi waliotoka chuo cha MIT, hasa Fred Fenning, alihangaika miaka minne hivi. Centaur ya kwanza ikauzwa mwishoni mwa 1994.

Alizitengeneza mwenyewe, kwa mikono, nyumbani kwake, moja baada ya nyingine. Ukiagiza unapanga foleni. Bei ilianza juu kidogo ya dola 200, ikapanda hadi 329. Alipoacha kuziunda mwishoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimetoka kama 8,000 hivi. Kwa dunia nzima hiyo ni idadi ndogo mno, na hapo ndipo bei ilipopoteza akili. Leo Centaur iliyotumika kuuzwa dola 5,000 si ajabu. Kwa shilingi za Kitanzania tunazungumzia zaidi ya milioni 12, bei ya bodaboda kadhaa, kwa kisanduku chenye nobu tatu za kuzungusha: gain (mkwaruzo), treble (sauti za juu) na output (ukubwa wa sauti).

Na soko lake lina vituko. Kisanduku kina mchoro wa kiumbe wa hekaya za Kigiriki, nusu mtu nusu farasi. Kuna za rangi ya dhahabu zenye mchoro, za dhahabu zisizo na mchoro, na za fedha. Kati ya zile zenye mchoro kuna ambazo farasi ana mkia mrefu na nyingine mkia mfupi, na wenye mkia mrefu hulipiwa zaidi. Mkia! Saketi ni ileile. Mtu akikuambia anasikia urefu wa mkia kwenye spika, mpe maji ya kunywa akae kivulini.

Kilichokuza hadithi kuliko yote ni epoksi. Finnegan alimwaga gundi nzito nyeusi juu ya bodi nzima ya saketi ili asionekane alichofanya. Kitu kilichofichwa hupewa sifa hata ambazo hakina, na kwa miaka kumi na zaidi watu walibaki kubahatisha kuna nini chini ya ile gundi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wakatokea wenye subira, wakaibandua gundi, wakafuatilia kila waya na kuuchora. Kuanzia siku hiyo, milango ilifunguka na waigaji wakaingia kundi zima. Wapiga gitaa wakazipa nakala hizo jina la utani: klone, kwa K.

Chini ya gundi mna nini

Hapa ndipo penye mambo, kwa hiyo nivumilie.

Ovadraivu nyingi huchukua sauti yote ya gitaa, huikuza, huipitisha kwenye dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ili ncha za mawimbi zikatwe, na mkwaruzo ndiyo huo. Centaur hugawa sauti njia mbili. Moja inaenda kukuzwa na kukatwa na dayodi mbili za jemaniamu, madini ya kutengenezea vipande vya umeme. Nyingine inapita pembeni ikiwa safi, haijaguswa na dayodi. Mwisho zote zinakutana na kuchanganywa.

Nobu ya gain ndiyo inayoamua mchanganyiko. Ndani yake kuna nobu mbili kwenye mhimili mmoja: ukizungusha, moja inaongeza uchafu, ya pili inabadilisha kiasi cha sauti safi kinachopita. Ni kama mpishi mwenye tui la kwanza na tui la pili mbele yake, anayeamua kwa kijiko hadi kijiko mchuzi uwe mzito kiasi gani. Gain ikiwa chini unasikia gitaa lako, kidole chako, ukucha wako. Ikiwa juu, tui zito linafunika.

Jambo la tatu ni umeme. Ndani kuna chipu ndogo, kwenye ya asili ni MAX1044, ambayo inachukua volti 9 za adapta na kuzalisha volti 18 upande mmoja na hasi 9 upande wa pili. Sehemu ya mwisho ya saketi inapata nafasi pana ya kupandisha na kushusha mawimbi bila kugonga dari. Ndiyo maana nobu ya output ina nguvu ya ajabu. Ukiipandisha, pedali haikwaruzi zaidi. Inausukuma mlango wa amplifaya kwa bega.

Shika hilo la bega. Sauti unayoisikia kwenye zile video, ile nene inayokwaruza kwa utamu, sehemu kubwa si ya pedali. Ni ya valvu za amplifaya zilizosukumwa na pedali. Mpigaji ameweka gain karibu na sifuri, output juu, na amplifaya yake tayari imekaa kwenye ukingo wa kuchacha. Pedali inammalizia tu hatua ya mwisho.

Sasa ichomeke kwenye amplifaya ya transista ya kanisani, isiyo na valvu, au kwenye DI boksi (kisanduku cha kuunganisha gitaa na mikisa) moja kwa moja hadi mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti zote, kama tunavyofanya wengi wetu. Bega linasukuma ukuta. Mikisa haichachi kwa utamu. Inapanda sauti, na ukizidisha inapasuka vibaya. Ukiongeza gain ya pedali ili ufidie, utapata mkwaruzo mkavu, wenye kelele za juu, kama nyuki kwenye kopo. Wapo wenye Centaur halisi waliokiri hivyohivyo: gain ikipita katikati, pedali hii haipendezi kila sikio.

Za nyumbani kwa Finnegan: Centaur na KTR

Mwaka 2012 Finnegan mwenyewe alitoa KTR, kisanduku chekundu kidogo chenye vipande vidogo vinavyolehemiwa na mashine. Saketi ileile, dayodi zilezile za akiba yake, na swichi ya kuchagua kama sauti ipite kwenye bafa (saketi ndogo ya kuipa sauti nguvu ya kupita kwenye waya) pedali ikizimwa au isipite. Usoni ameandika sentensi ya kuwaomba watu wakumbuke kwamba zile sifa za kupita kiasi zinazowakera wengi hakuzianzisha yeye. Sijaona mtengenezaji mwingine anayejitetea kwenye bidhaa yake mwenyewe, na nadhani alikuwa na haki.

Kati ya hizo mbili, kwa kazi ya jukwaani, KTR inaishinda Centaur kwa kila kitu isipokuwa uzito wa kujivunia. Ni ndogo, ukiiangusha hutazimia, na inatoka kwa mtu yuleyule. Ilianza kwa dola 269. Kwa mkono wa pili nayo imepanda. Kama una pesa na unataka tu kutulia moyo kwamba unayo "ya kweli", nenda KTR. Centaur yenyewe waachie wakusanyaji, kama wale wanaonunua stempu za kale ambazo hawatazibandika kwenye barua.

Nakala za bei ya kati

Archer ya J. Rockett ndiyo ninayoiweka karibu zaidi na ya asili kwa hisia ya mguu na mkono. Chuma kizuri, nobu zinazozunguka kwa uzito, bafa inayobaki kazini pedali ikiwa imezimwa. Kuna ya fedha, na kuna Ikon ya dhahabu. Zote zinazunguka dola 200. Ukiwa na Fender ya valvu, hapa unaweza kuishia, ukapiga miaka kumi.

Tumnus ya Wampler ni ndogo kama kiberiti kikubwa, nayo imepewa jina la kiumbe mwingine nusu mtu nusu mnyama, wa hadithi za watoto za Kiingereza. Haina nafasi ya betri. Sauti yake naisikia laini kidogo kuliko ya Archer, lakini usinitie kitanzini kwa hilo. Nikifungwa macho naweza kukosea. Ninayoipendekeza zaidi kwa mazingira yetu ni kakake mkubwa, Tumnus Deluxe, kwa sababu moja: ina besi, kati na juu, nobu tatu za kurekebisha badala ya ile moja ya treble. Unapopigia kila wiki amplifaya ya mtu mwingine, ya ukumbini, ya kukodi, au hakuna kabisa, hizo nobu tatu ni mali kuliko dayodi yoyote. Leo spika zinaguruma, unapunguza besi. Kesho gitaa limemezwa na kinanda, unainua kati. Nobu moja ya treble haiwezi kazi hiyo.

Wapo pia Ceriatone wa Malaysia, ambao Centura yao imeigiza hadi ukubwa wa kisanduku. Ni kazi nzuri ya mikono. Ila ukubwa ule ulikuwa mzigo tangu 1994, na unakula nafasi ya pedali mbili ubaoni. Sioni kwa nini mtu aigize hadi usumbufu.

Za bei ndogo

Soul Food ya Electro-Harmonix ilitoka 2013, nayo ndiyo iliyovunja ukiritimba. Kampuni hiyo ya New York ya tangu 1968 ilisema wazi inataka watu wa kawaida waionje sauti hii bila kuuza gari. Nobu ni tatu zilezile. Ndani, ukifungua mfuniko, kuna swichi ndogo ya kuchagua kama pedali ikizimwa sauti ipite kwenye bafa au iiruke saketi kabisa. Ukiisikiliza sambamba na Archer, Soul Food ina ukali kidogo huku juu, na unazoea kuiweka treble chini kuliko ulivyotarajia. Kwenye bendi kamili, ngoma zikilia na kondakta akipunga mikono, tofauti hiyo haisikiki. Nimesema haisikiki, simaanishi haipo.

NUX Horseman ni ndogo, na ina sura mbili, ya dhahabu na ya fedha, unazobadilisha kwa mguu. Kwa bei yake inashangaza. Mosky Golden Horse ni ya bei ya chini kabisa, dola 30 hivi, na hapa nisikupambe: saketi iko sawa, tatizo ni uzima wake. Swichi ya mguu na tundu za jeki za pedali za bei hii ndizo hufa kwanza, na hufa katikati ya wimbo. Kama unamjua fundi wa kuaminika, inunue, mpelekee siku ileile akubadilishie swichi na jeki, na utakuwa na pedali nzuri kwa nusu ya bei ya Soul Food. Kama humjui, kaa mbali nayo.

Ukipata mojawapo ya hizi za bei ndogo inapiga mluzi mwembamba hata usipogusa nyuzi, kosa kwa kawaida ni ile chipu ya kuzidisha volti. Chipu za aina hiyo hufanya kazi kwa kupiga mapigo ya haraka. Mapigo yakiwa polepole mno, sikio linayasikia. MAX1044 ina mguu namba moja ambao ukiunganishwa na umeme chanya hupandisha mapigo hadi sikio lisiyafikie. Baadhi ya waigaji huweka chipu ya bei rahisi isiyo na njia hiyo. Fundi akiijua, ni kazi ya dakika kumi.

Behringer nao waliingia mwaka 2024 na pedali ya chini ya dola 100 iliyofanana na ya Finnegan kwa rangi, umbo na hata jina. Finnegan akawapeleka mahakama ya shirikisho huko Massachusetts. Baadaye wakamalizana na jina likabadilishwa. Tangu hapo ukiangalia matangazo ya mkono wa pili, chungulia jina vizuri. Mtu anaweza kukuuzia "Centaur" bila kusema uongo hata neno moja, ikawa ni hiyo.

Kuhusu dayodi za miujiza

Utasikia kwamba siri ya Centaur ni dayodi za jemaniamu ambazo Finnegan alinunua akiba yake zamani na hakuna awezaye kuzipata tena. Ni kweli dayodi hizo si sawasawa zote. Lakini fikiria: karibu kila anayeisifu Centaur huitumia gain ikiwa chini. Gain ikiwa chini, dayodi zile hazikati karibu chochote. Sauti safi ndiyo inayopita kwa wingi. Kwa hiyo unalipa maelfu kwa ajili ya kipande ambacho muda mwingi kimelala usingizi.

Ukipandisha gain, hapo tofauti inaweza kusikika. Ukiamua kujenga yako mwenyewe, na michoro sasa imezagaa, uwe macho na dayodi zinazouzwa kwa jina la 1N34A. Nyingi si za jemaniamu. Multimita ya kawaida kwenye kipimo cha dayodi itakupa dalili: jemaniamu husoma karibu volti 0.3, silikoni, madini mengine ya kawaida, karibu volti 0.6. Ukiona 0.6 umeuziwa silikoni ya kawaida. Vipande vingine vyote, chipu za TL072, rezista, kapasita, fundi yeyote wa redio anavijua. Gharama kubwa ni kisanduku na ile nobu ya mbili kwenye mhimili mmoja.

Bafa, na waya zetu ndefu

Kuna kitu Centaur inafanya hata ikiwa imezimwa. Bafa yake inabaki kazini, ikichukua sauti dhaifu ya gitaa na kuisukuma kwa nguvu kwenye waya. Watu wengi hununua Klon kwa ajili ya hilo bila kujua kwamba ndilo wanalolisikia.

Waya wa gitaa hula sauti za juu. Kila mita ina uwezo wa kapasita wa kama pikofaradi 100, na gitaa la pikapu za kawaida (zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) halina ubavu wa kupambana na waya mrefu. Kwenye kanisa kubwa, ambapo mikisa iko mwisho wa ukumbi au mpigaji amekaa mbali na DI, waya wa mita kumi unafanya gitaa lisikike kama limefunikwa blanketi. Bafa mwanzoni mwa njia inalivua blanketi. Kwa hiyo ukichagua nakala, na huna pedali nyingine yenye bafa, chukua yenye bafa: Archer, Tumnus, KTR au Soul Food iliyowekwa upande wa bafa. Kama ubao wako tayari una pedali mbili tatu za kampuni ya Boss, bafa unayo; usilipie tena.

Adapta

Hili niliandike kwa wino mwekundu. Pedali za ukoo huu hutaka volti 9, hasi katikati, yaani ncha ya ndani ya plagi iwe hasi. Kuna watu wanakwambia ovadraivu ikipewa volti 18 inakuwa tamu zaidi, na kwa baadhi ya pedali ni kweli. Kwa Klon na nakala zake nyingi ni kifo, kwa sababu kazi ya kuzidisha volti inafanyika ndani, na MAX1044 haivumilii zaidi ya volti 10 na kidogo.

Nimejifunza kwa hasara. Mazoezi ya usiku, umeme umekatika, jenereta limewashwa, kila mtu anachomeka gizani. Nikachukua adapta ya kinanda iliyokuwa pale chini, tundu likaingia sawasawa. Taa ya pedali iliwaka kwa furaha kwa sekunde mbili. Halafu harufu. Fundi alibadilisha chipu moja tu ikapona, lakini tangu siku hiyo adapta zangu zote zina utepe mweupe na namba iliyoandikwa kwa kalamu kubwa.

Sasa, unapigia nini?

Kama una amplifaya ya valvu, ya kwako, na unaweza kuifungulia angalau kiasi, Klon ni chaguo la haki. Archer kama bajeti inaruhusu, Soul Food kama hairuhusu. Anza hivi: gain karibu na mwisho wa chini, treble katikati, output panda hadi usikie amplifaya inaanza kulalamika. (Wenzetu wa Kiingereza huelezea nobu kwa saa, "saa kumi na mbili" ikiwa imetazama juu. Kwetu mshale ukitazama juu ni saa sita. Nimeona watu wawili wakigombana kwenye sandichek, yale majaribio ya sauti, kwa sababu ya hilo, kwa hiyo mimi nasema tu "imetazama juu".)

Kama unapiga dansi au sebene, gitaa la solo safi linalong'aa, usikimbilie kusema ovadraivu haikuhusu. Hapa Klon ina kazi ambayo video hazikuonyeshi. Gain sifuri kabisa, output juu kidogo, na unaikanyaga pale solo inapopasuka, waimbaji wamenyamaza na watu wamesimama kucheza. Haichafui. Inakutoa mbele ya gitaa la kati bila kumwomba mtu wa mikisa, ambaye wakati huo huenda anaongea na simu. Kwa kazi hii Soul Food inatosha kabisa, na kusema kweli busta yoyote safi ya bei ndogo, yaani pedali ya kukuza sauti tu, ingetosha pia.

Kama unapigia transista au unaingia mikisa moja kwa moja, na unataka mkwaruzo, usinunue Klon kwanza. Tube Screamer, ambayo iko sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nakala zake lukuki, hukwaruza zenyewe kwa ulaini zaidi, kwa sababu dayodi zake zimekaa ndani ya mzunguko wa chipu badala ya kukata mawimbi moja kwa moja kuelekea chini. Inapunguza besi na kuinua sauti za kati, jambo lililomkera Finnegan, lakini kwenye bendi yenye kinanda, besi na waimbaji kumi, kuinua kati ndiko kunakufanya usikike. Na kabla ya hiyo Tube Screamer, weka pesa kwenye kitu kinachoiga amplifaya na spika. Pedali yoyote ya ovadraivu ikiingia mikisa bila kiigizo cha spika itageuka wale nyuki wa kwenye kopo.

Mwenye mashine ya kidijitali ya kuiga pedali na amplifaya, ya aina ya Line 6 Helix, tayari ana Klon ndani. Wameiita Minotaur, kiumbe mwingine wa Kigiriki, safari hii nusu ng'ombe. Iwashe, ijaribu mwezi mzima, ndipo uamue kama unataka chuma. Nimewapa ushauri huu watu wengi na wachache sana walirudi dukani.

Na ukiwa na zote mbili, Tube Screamer na klone, ziunganishe: klone ikisukuma Tube Screamer, gain zote chini. Hapo hata mikisa, kiigizo cha spika kikiwepo, inaanza kukuheshimu.

Yule kijana

Aliyeniuliza mara ya mwisho anapiga Ijumaa na Jumapili, amplifaya ya transista ya kanisa, waya mrefu kutoka jukwaani. Nilimshauri Tube Screamer. Hakunisikia, alipata Soul Food iliyotumika kwa bei nzuri kutoka kwa mpigaji aliyekuwa akihama mkoa, akaichukua. Nilienda kumsikiliza. Gain ameizima kabisa, output iko juu kidogo, anaitumia kama bafa na busta ya solo, na waya ule mrefu haumwonei tena. Nobu ya treble ameifunga kwa selotepu, kwa sababu watoto wa Sunday school hupita pale jukwaani kabla ya ibada na kuzungusha kila kinachozunguka.